Nyumba Arobaini na Sita Zimesema Hapana

Old Moshi,
23 Februari 1997

Shemeji Melkior,

Nakusalimu kutoka huku juu, ambako mvua bado inatuchezea na ng'ombe anakula migomba iliyokauka. Mimi ni mzima, mwanangu Primus naye ni mzima wa mwili. Wewe sijui, maana tangu Krismasi hujaandika, na nasikia huko Korogwe kwenye mkonge wenu watu husahau mpaka kwao.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Alhamisi alikuja hapa binti wa mjini, kajitanda ushungi, viatu vimejaa vumbi. Jina lake Maulida, anakaa Soweto ya hapo Moshi mjini, na anasema ameajiriwa na madaktari wanaofanya utafiti. Nilimkaribisha, nikampa maziwa ya mgando. Akafungua faili la kijani, akaanza na maswali mepesi: nyumba ni ya bati au nyasi, maji mnachota wapi, kahawa mwaka huu mmemuuzia nani. Nikajibu yote. Halafu akashusha sauti, akauliza, "Mama, katika ukoo huu, yupo mtu aliyewahi kujiua au kujaribu kujiua?"

Shemeji, niliinuka nikamwongezea maziwa ambayo hakuyaomba. Nilisema hapana, akaandika hapana, akashukuru, akaenda kwa jirani. Lakini sijatulia tangu siku hiyo.

Unajua wiki tatu zilizopita tulipeleka mbege ya kwanza, ule mtungi wa posa, Uru kwa akina Yuditha, kumposea Primus. Na mama yake Yuditha, huyu Magdalena, ni mwanamke wa kulinusa papai mara tatu kabla hajalimenya. Kabla ya kumtoa binti, ukoo lazima uchungulie ukoo mwingine: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna kichaa, kuna aliyejiua. Mambo manne, na hilo la nne ndilo wanaloliogopa kuliko yote, kwa sababu wanasema linatembea kwenye damu. Kazi hiyo naijua. Mwaka 1979 mimi mwenyewe nilitumwa Kibosho kuchungulia ukoo wa mke wa binamu yangu, nikajifanya natafuta mbegu ya migomba. Nilizunguka nyumba tisa. Siku hizi naona mbegu ya migomba imepitwa na wakati, wanatumia utafiti.

Habari ya kifo cha mume wangu, kaka yako Fredy, tunaijua wawili tu, wewe na mimi, tangu mama yenu alipofariki. Wengine wote, pamoja na padri aliyemzika kwa ibada kamili, wanajua ilikuwa malaria iliyompanda kichwani. Primus mwenyewe anajua hivyo. Akikosa mchumba kwa ajili ya jambo lile, nami nitakuwa nimemdanganya padri bure.

Nishauri haraka.

Shemeji yako,
Theodora


Korogwe,
4 Machi 1997

Shikamoo Shemeji,

Usinihukumu kwa kimya. Mguu wangu ulibanwa na mashine ya kukamulia mkonge mwezi wa kwanza, umefungwa plasta hadi gotini, bado nimelazwa hospitali ya shamba, nimekuwa mtu wa kubebewa uji na wake za watu. Sikuandika kwa sababu nilijua utakuja, na ukija utanigombeza mbele ya wagonjwa wenzangu.

Kuhusu huyo binti, mimi nakubaliana na wewe mia kwa mia. Daktari gani wa kweli ana haja na ukoo wa mtu? Daktari anataka mkojo na choo. Na mbona amekuja wiki tatu tu baada ya mbege, na si mwaka jana? Fanya hivi. Kwanza, akirudi mdai barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri. Pili, Primus naye afundishwe: kila swali ni hapana. Tatu, na sisi tutume mtu Uru. Haiwezekani wao watuchungulie sisi tu, kwani wao wameshuka kutoka mbinguni?

Ila unitoe wasiwasi kidogo. Umeandika Primus ni "mzima wa mwili". Kuna nini zaidi ya mwili? Tangu apunguzwe kazi kiwandani mwaka juzi hajaniandikia hata mstari mmoja, na zamani alikuwa ananiandikia kila mwezi akiomba picha za magari moshi.

Mdogo wa marehemu,
Melkior


Old Moshi,
12 Machi 1997

Kwa Binti Maulida,
Ofisi ya Utafiti, Moshi

Nimeandika barua hii badala ya kukusubiri kwa sababu ukija tena nahofia nitasema maneno ya kumkufuru Mungu.

Juzi umerudi nyumbani kwangu. Nilikudai barua ya mwenyekiti, ukatoa, ina mhuri. Sawa, mihuri siku hizi inachongwa hata sokoni. Nikakubali umhoji mwanangu Primus. Ukasema lazima umhoji peke yake, mimi nisiwepo, ndiyo taratibu. Mkaenda kukaa kule kwenye mfongo, kando ya mfereji wa maji, na mimi nikabaki jikoni kama mfanyakazi. Maswali niliyojibu mimi kwa nusu saa, yeye ameyajibu kwa saa mbili na zaidi. Nilichungulia mara nne. Mara ya tatu umefunga faili na hamwandiki chochote, mnaongea tu. Mara ya nne mwanangu ameinamisha kichwa na wewe unampa leso yako.

Sasa nakuambia kama mama yako: tumekugundua. Kamwambie aliyekutuma, na yeye anajijua yuko Uru, kwamba ukoo wetu ni safi na majibu yetu yote ni hapana. Na kama kutumwa umetumwa na sasa umeamua kujitafutia wa kwako, ujue kijana huyu ameshatolewa mbege.

Theodora Fredy


S.L.P. Moshi,
18 Machi 1997

Mama Theodora,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana karani alinipa mlangoni akasema inaonekana ina moto.

Sijatumwa na mtu wa Uru. Nyumba yako ilipatikana kwa kura. Majina ya mabalozi wa nyumba kumi yaliwekwa kwenye kopo la majani ya chai na msimamizi wangu akachota, nami nilikuwepo. Tunatafuta kujua ni mambo gani yanamsogeza mtu karibu na wazo la kujitoa uhai: kupoteza kazi, pombe, ugonjwa wa muda mrefu, upweke, kufiwa. Swali la ukoo lipo kwa sababu mtu aliyempoteza mzazi kwa njia hiyo hubeba mzigo mzito zaidi ya wenzake, na mzigo huo huzidi kama hana mtu wa kuzungumza naye. Hilo si tusi kwa ukoo, Mama. Tunaliuliza kama tunavyouliza habari za kifua kikuu.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Soweto. Baba yangu ni Mnyamwezi, mama ni mtu wa Pangani, na habari za mbege za watu sikuzijua mpaka uliponiandikia. Lakini sasa nimeelewa kitu. Katika kata yako nimezunguka nyumba arobaini na sita. Kwenye swali lile, nyumba arobaini na sita zimesema hapana. Msimamizi wangu amefurahi, anasema watu wa mlimani wana bahati. Mimi sijafurahi, kwa sababu nyumba nyingine husema hapana kabla sijamaliza kuuliza.

Alichosema Primus siwezi kukuambia. Nimeapa, na nikivunja kiapo hakuna atakayenifungulia mlango tena. Ila ninakuomba jambo moja ambalo halivunji kiapo. Macho hayo unayonichungulia nayo mimi, hebu yageuzie ndani ya nyumba yako, hata kwa siku tatu.

Ni mimi,
Maulida


Old Moshi,
14 Aprili 1997

Shemeji,

Pole ya mguu, nitakugombeza siku nyingine. Hali imeharibika, na ni bora ujue kutoka kwangu.

Yule binti hakutumwa, au kama alitumwa ameacha kazi ya watu na kuanza ya kwake. Amenijibu barua ya maneno matamu na mwisho akaniambia niangalie ndani ya nyumba yangu. Nimeangalia, na haya ndiyo niliyoyaona.

Jumamosi mbili mfululizo mwezi uliopita Primus amevaa shati la kanisani akashuka mjini asubuhi, akarudi jioni. Nikimwuliza alikuwa wapi anasema, "Natembea tu, mama." Jirani amemwona Soweto, anaongea na yule binti karibu na kituo. Tangu Pasaka hashuki tena, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaiva. Jumanne binti amekuja tena, safari hii na mwanamke wa makamo, mnene, mstaarabu, kavaa gauni la kitenge na kushika mkoba. Wanamwulizia Primus, wanasema ni muhimu sana wamwone. Nikajua moja kwa moja: amemleta mama yake! Wamekuja kuposa mwanaume, mambo ya mjini hayo. Niliwafukuza hapo hapo getini na mbwa nikamwachia. Yule mama akakimbia na mkoba wake, na mimi nakiri nilicheka.

Sasa naogopa watatoroka. Dalili zote ninaziona. Primus amepalilia kahawa yote, hata ile ya kule bondeni tuliyoiacha. Amebadilisha nguzo za banda la ng'ombe. Redio yake, ile aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza, amempa Jacob wa jirani, bure kabisa. Koti lake jeusi kampa mwalimu wa kwaya. Vyeti vyake vya shule amevipanga kwenye bahasha akaniwekea kabatini. Na amekuwa mpole kwangu, shemeji, wa kunichotea maji bila kuombwa na kuniuliza kama nimekula. Wiki nzima hii hana hasira hata kidogo, yeye ambaye tangu apunguzwe kazi alikuwa hajibu salamu. Mtu anayefunga mizigo namna hii ana safari. Nadhani ni Dar, na nadhani ni mwisho wa mwezi.

Niandikie maneno makali ya kumsomea. Baba mdogo ana sauti kuliko mama.

Theodora


Korogwe,
19 Aprili 1997

Shemeji,

Barua hii nampa Ebenezeri, konda wa basi la Arusha, ni mtu wa kwetu, na ameniapia ataileta mpaka mlangoni kwako leo hii hii. Ningekuwa na miguu miwili ningekuja mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, pale kwenye mbwa. Mara ya pili nilihesabu vitu alivyogawa. Mara ya tatu nililia, na wagonjwa wenzangu wakadhani ni mguu.

Kuna jambo sijakuambia kwa miaka kumi na moja. Wiki moja kabla ya kufa, Kaka Fredy alinipa saa yake. Nilimwuliza kwa nini, akasema imemchosha mkono. Nilifurahi, shemeji! Niliivaa hata siku ya mazishi, watu wakaniuliza saa, nikawatajia. Ndipo baadaye nikaanza kuwaza, na nilipowaza niliificha kwenye sanduku na sijaigusa tena. Wewe mwenyewe uliniambia matanga yalipoisha kwamba mwezi wake wa mwisho alikuwa mume mwema kuliko miaka yote mliyoishi, alikutengenezea jiko, akapanga karatasi za shamba, akamaliza ugomvi na kila mtu. Ulisema Mungu alimtayarisha. Mimi nilikuwa na saa mfukoni na sikusema neno.

Primus hafungi mizigo ya kwenda Dar. Sijui kama ninakosea, na naomba iwe ninakosea, unicheke mpaka uzeeni. Lakini usimsomee maneno makali. Acha kusoma sasa hivi, inuka, mtafute alipo. Usimwulize habari ya binti. Mwambie ukweli wa baba yake. Halafu usimwache peke yake hata akikuudhi, na nenda naye kwa hao watu uliowafukuza, maana naamini walikuja kwa hilo hilo.

Nisamehe kwa ajili ya saa.

Melkior


Old Moshi,
27 Aprili 1997

Shemeji,

Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umesubiri siku nane bila kujua.

Ebenezeri alifika saa kumi jioni, anatweta. Nilisoma barua yako nimesimama uwanjani na sikuimaliza. Nilikimbia, mimi na miaka yangu hamsini na mbili, bila viatu, nikiita jina lake kama mwehu. Nilimkuta kihambani, katikati ya migomba yetu, anakata majani ya ng'ombe. Aliniangalia akadhani kuna mtu amekufa.

Nilimwambia aweke panga chini, akaweka. Nikamwambia aketi, akaketi. Nilikuwa nimetafuta maneno njia nzima na yote yalinikimbia, nikasema tu, "Baba yako hakufa kwa malaria. Alijiua, na mimi nilikudanganya."

Akasema, "Najua, mama."

Anajua tangu kidato cha kwanza. Mwenzake wa bwenini alimwambia siku waliyogombana, mtoto wa kijiji hiki hiki. Kwa hiyo kijiji kinajua. Kimejua muda wote, shemeji, na kinanisalimia na kuniuliza habari za malaria. Primus alinyamaza kwa sababu aliona mimi nimenyamaza. Alidhani akilitaja nitakufa kwa uchungu. Nami nilinyamaza nikidhani nikilitaja atakosa mke. Tumekula meza moja miaka kumi na moja tukifichana jambo tunalolijua wote wawili.

Mengine aliyonieleza sitayaandika, ni yake. Nitakuambia tu kwamba alikuwa ameshachagua siku, na siku hiyo haikuwa mbali. Aliamini damu ya baba yake inamwita, kwamba hana ujanja, na kwamba akimwoa Yuditha atawapa watoto ugonjwa huo huo. Maulida alimwuliza mambo hayo kwa utulivu, kama unavyomwuliza mtu anaumwa wapi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Zile Jumamosi alikuwa anakwenda hospitali. Alipoacha kwenda ndipo wakamfuata. Yule mwanamke mwenye mkoba niliyemwachia mbwa si mama wa binti. Ni muuguzi anaitwa Sista Violet.

Jumatatu tulishuka wote wawili. Nilidhani Sista atanifukuza na mimi, ningestahili. Alinitazama akasema, "Mama, mbwa wako ana meno mazuri," akatukaribisha kwenye viti. Daktari amemwanzishia Primus dawa na kila wiki mwanangu atakuwa anashuka kuzungumza naye. Amesema damu haimwiti mtu. Amesema mzigo upo, ni wa kweli, lakini mzigo hutuliwa, na wengi waliofika alikofika Primus wanapewa msaada na kuishi mpaka wakazeeka. Nilimwomba arudie, akarudia.

Namfuata Primus kila mahali mpaka jana akaniambia, "Mama, angalau chooni niache." Nilicheka, halafu nikalia mbele yake, na sikuona aibu.

Kuhusu saa, mimi niliona zaidi yako na sikujua ninachokiona. Tusamehane wote. Itoe kwenye sanduku.

Theodora


S.L.P. Moshi,
6 Mei 1997

Mama,

Shikamoo. Nimepokea jani la isale ulilompa Primus aniletee. Mama yangu hakujua maana yake, alitaka kulipanda kwenye kopo. Primus akamweleza kwamba kwenu mtu akikutumia jani hilo anaomba msamaha na huwezi kukataa. Basi sikatai, ingawa sikuwa nimekasirika. Nimeshafukuzwa na mbwa kumi na wawili katika kazi hii, na mmoja tu ndiye ameniomba radhi.

Na mimi nikuombe radhi. Baada ya kuhojiana na Primus ningeweza kukuambia. Taratibu zetu zinaruhusu kuvunja siri pale uhai unapokuwa hatarini, na alipoacha kuja hospitali nilikwenda kuomba ruhusa hiyo. Ilichukua siku tisa kupata sahihi. Siku tuliyokuja na Sista tulikuwa tumekuja kukuambia wewe kama yeye hayupo. Getini nilipoona hasira yako nilinyamaza. Ningepiga kelele tu, hata mbwa akiniuma. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Fomu ya nyumba yako bado inasema hapana. Siwezi kuibadilisha bila ruhusa yako. Ukikubali, hakuna jina litakaloonekana, ni namba tu.

Maulida

(Mama, ukijibu, andika tu neno moja nyuma ya karatasi hii umpe Primus Jumamosi.)

*Ndiyo. Th. F.*


Old Moshi,
11 Mei 1997

Mama Yuditha,

Nakusalimu wewe na mzee na watoto wote hapo Uru. Mbege ya pili ilikuwa ije kwenu mwezi ujao. Kabla haijaja kuna jambo lazima mlijue, na nimeona nilisema mwenyewe kuliko mlipate kwa majirani, ingawa huenda mmeshalipata.

Mume wangu Fredy alijiua mwaka 1986. Tulisema malaria. Mwezi uliopita mwanangu Primus naye alifika karibu na jambo hilo. Sasa anatibiwa, anakula, juzi amegombana na mimi kuhusu bei ya kahawa, na mimi nimefurahi mno kugombana. Anataka Yuditha ajue yote kabla hajasema ndiyo mara ya pili. Barua yake kwa Yuditha iko ndani ya bahasha hii, imefungwa, naomba usiifungue.

Mkikataa hatutawachukia. Tutajua tu kwamba mmekataa, na maisha yataendelea. Nilikuwa naliogopa jambo hili kuliko mengine yote, mpaka nilipoona lipo la kuogopa zaidi.

Nikuombe radhi pia kwa kukudhania vibaya. Mwezi wa pili alikuja hapa binti na faili la maswali, nami niliamini kabisa umemtuma wewe kutuchungulia.

Theodora


Uru,
20 Mei 1997

Mama Primus,

Nimekaa na barua yako siku sita bila kumwambia hata mzee wangu. Ya Yuditha nimeificha kwenye pipa la mahindi. Sikuifungua.

Huyo binti mwenye faili la kijani alikuja na kwangu. Mwezi ule ule! Aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyejiua. Mimi niliamini umemtuma wewe. Nilimwambia mzee, "Hawa watu wa Old Moshi hawana aibu, wametoa mbege leo, kesho wanatuma mpelelezi." Nilimjibu hapana, nikamnyima hata maji ya kunywa.

Mama Primus, jibu lilikuwa ndiyo. Mdogo wangu Hilaria alikuwa na miaka kumi na tisa. Tumesema alikufa kwa uzazi, na hata mimba hakuwa nayo. Yuditha amekuzwa na picha yake ukutani, watu humwambia amefanana naye, na kila wakisema hivyo mimi natoka nje. Siku hizi Yuditha amekuwa mkimya. Sijui kama ni mambo ya uchumba au ni jambo jingine, na sijawahi kumwuliza kwa sababu nikimwuliza na yeye ataniuliza.

Kuhusu ndoa tutazungumza, sijasema ndiyo na sijasema hapana. Si hilo ninaloandikia. Wewe umeshamwambia mtoto wako. Nieleze ulianzaje. Neno la kwanza lilikuwa lipi? Mimi kila nikifungua kinywa, naishia kumwagiza kuni.

Magdalena


Old Moshi,
22 Mei 1997

Mama Yuditha,

Barua yako imefika sasa hivi, na aliyeileta anasubiri mlangoni arudi nayo hii, kwa hiyo sitakuwa na maneno mengi.

Usitafute neno zuri, halipo. Mimi nililitafuta miaka kumi na moja. Mwambie aketi. Sema, "Mama yako mdogo Hilaria alijiua, na mimi nilikudanganya." Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu, utataka kuongeza maneno, kujitetea, kutaja kanisa na majirani. Usiongeze. Mwache aseme yeye. Na akinyamaza, muulize waziwazi kama na yeye huwa anawaza hivyo. Nilikuwa nadhani kuuliza ni kumfundisha mtoto. Sista Violet amesema si kweli, ni kumfungulia. Akisema ndiyo, usipige kelele, mshike mkono, na Jumamosi mje hospitali, mtatukuta kwenye benchi la nje.

Mpe barua ya Primus baadaye, itangoja.

Usinijibu. Kama Yuditha yuko nyumbani, weka karatasi hii chini umwite.

Theodora